Huzuni, Ukiwa, Sonona: Maneno ya Moyo Mzito na Yalikotoka

(Hotuba kwa walimu wa Kiswahili, wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, Mtwara mjini, katika juma la Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai.)

Wazee wetu wa Mikindani na Lindi mliokubali mwaliko, shikamooni. Walimu, wauguzi, nanyi wahudumu wa afya mliofunga safari kutoka vijijini, karibuni sana.

Tumeombwa tuseme juu ya neno moja: huzuni. Tumekubali, lakini neno hili halitembei peke yake. Ukiliita, ndugu zake wote wanaitika: majonzi, simanzi, kihoro, jitimai, ukiwa, msiba, dhiki, na huyu anayesikika zaidi siku hizi hospitalini, sonona. Mwanafunzi akifungua kamusi anaambiwa huzuni ni majonzi, majonzi ni simanzi, simanzi ni huzuni. Anazunguka weee, anarudi alipoanzia. Mwalimu naye akitunga mtihani anayafunga yote katika tita moja, anayaita visawe.

Sisi tunasema si visawe. Mengi ya maneno haya yalianza kwa kutaja kitu cha kushikika: ardhi, pigo, njia nyembamba, jipu. Kitu hicho bado kimo ndani ya neno hata leo. Anayekijua hatapata tabu kulichagua, awe anaandika tanzia ya gazeti au amekaa na mgonjwa chini ya mwembe wa zahanati.

Tuanze na mwenye shughuli. Huzuni limetoka Kiarabu, huzn. Kiarabu hujenga maneno yake juu ya mizizi ya konsonanti, mara nyingi tatu, na hapa ni H, Z na N. Hiyo H ni ile ya kooni, ya jina Muhammad. Kiswahili hakiitengi na h ya "hapa". Katika mzizi huohuo Kiarabu kina neno hazn, nalo ni ardhi ngumu, yenye mawe, isiyokanyagika kwa raha. Kinyume chake ni sahl, ardhi tambarare iliyo laini, neno ambalo kwetu limekuwa sahali, yaani rahisi. Mwanachuoni wa kale Raghib al-Isfahani, aliyefafanua msamiati wa Kurani, ameyaweka mawili haya pamoja waziwazi: kuna ardhi inayoparuza, na kuna nafsi inayoparuza kwa sababu ya ghamu, yaani majonzi, iliyoingia ndani yake.

Katika Sahihi ya Bukhari, mkusanyo wa Hadithi za Mtume, imo habari ya mtu aliyeitwa Hazn, babu yake Said bin al-Musayyab. Mtume (S.A.W.) alimwambia jina lake liwe Sahl. Yule bwana akakataa, akasema habadili jina alilopewa na baba yake. Said, mjukuu, alikuja kusema kwamba ule ugumu haukuwatoka katika ukoo wao tangu siku ile. Habari hiyo haina utamu wowote kwa asiyejua kwamba jina la kwanza ni mawe na la pili ni uwanda.

Aliyewahi kutembea pekupeku juu ya mwamba wa matumbawe maji yakiwa yamekupwa hahitaji kamusi hapa. Huendi haraka. Kila hatua unaipima. Unaweza kufika, lakini unafika umechoka kuliko urefu wa njia. Hiyo ndiyo huzuni kwa asili yake. Haisemi kwamba mtu ameanguka, inasema anapita mahali pagumu. Ndiyo maana mtu mwenye huzuni bado anapika, bado anakwenda shamba, bado anaweza kucheka mjukuu wake akifanya kituko. Mwaka 619, alipofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib, Mtume aliendelea na kazi yake, na Waislamu wakauita Mwaka wa Huzuni. Tena neno halina wepesi: katika Sura ya Yusuf, aya ya 84, macho ya Nabii Yaaqub yanakuwa meupe kwa huzuni ya kumpoteza mwanawe.

Sasa walimu, hapa kwenye umbo. Huzn limekuwaje huzuni? Kiswahili hakipendi z na n zigongane, na hakipendi neno liishe kwa konsonanti. Basi katikati imeingizwa irabu inayofuata ile ya mwanzo, na mwishoni ikapachikwa i. Ndivyo rizq lilivyokuwa riziki, na sahl likawa sahali. Neno la Kiarabu likiishia na konsonanti ya mdomo, kama m au b, mara nyingi irabu ya mwisho huwa u: fahm likawa fahamu, hisab likawa hesabu, ghamm likawa ghamu. Mwanafunzi akiyashika haya mawili, ana ufunguo wa maneno mengi ya pwani yetu. Na haya si maneno ya jana. Kilwa, ambayo leo imo ndani ya Mkoa wa Lindi, msafiri wa Morocco Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 akaukuta Uislamu umeshamiri, na historia ya masultani wake iliandikwa kwa Kiarabu.

Kipimo kingine ni kitenzi. Liulize neno: kilianza kipi, kitenzi au nomino? Katika huzuni ilianza nomino. Tuna huzunika, huzunisha, huzunia, lakini hatuna kitenzi kitupu "huzuna". Viambishi vimekuja kupachikwa juu ya jina lililokwisha kufika. Katika sonona mambo ni kinyume: kitenzi kipo chenyewe, kimesimama, na juu yake vikajengwa sononeka, sononesha, kisha nomino sononeko na masononeko. Angalieni pia irabu. Tunasema sononeka, hatusemi "sononika", kwa sababu baada ya o kiambishi hugeuka kuwa -ek-, kama katika soma na someka. Baada ya u hubaki -ik-: vunja, vunjika, huzuni, huzunika.

Kosa linalofanyika hapa ni kukata neno kwa jicho. Mtu anaona hu- mwanzoni, anakumbuka husoma na hulala, anataka kutuambia huzuni ni hu- ya mazoea na "zuni" ni mzizi. Mwingine anaona matanga ya msiba na tanga la jahazi, palepale anatunga hadithi ya mabaharia. Kufanana kwa sura hakutoshi. Unatakiwa uone sauti zinabadilika kwa kanuni ileile katika maneno mengine, na uone maana ilipitia wapi. Ukikosa kimojawapo, kaa kimya. Usimpe mtoto asili ya kubuni, kwa sababu ataibeba maisha yake yote.

Msiba ni mfano mzuri wa lugha kujikatia yenyewe. Kiarabu ni musiba, kutoka katika kitenzi cha kupiga na kulenga, kama mshale unavyofika shabaha. Musiba ni kilichompiga mtu. Waswahili waliposikia mu- mwanzoni waliichukua kuwa ni ile ya mti na mkono, wakasema msiba, wakapata wingi, misiba, kama kwamba neno limezaliwa Mikindani. Lakini maana haikupotea. Sikilizeni tunavyolitumia: msiba umempata, msiba umetufika. Unatoka nje unamkuta mtu. Kwa hiyo msiba ni tukio, huzuni ni hali, na anayeandika "nina msiba moyoni" kwa maana ya kusikitika amechanganya pigo na kidonda. Tanzia nayo imesafiri mbali. Katika Kiarabu taziya ni kuliwaza, kumtia mtu subira. Kwetu imekuwa tangazo la kifo lenyewe. Tumebaki na habari, na maliwazo tumeyapa maneno mengine: pole, rambirambi.

Dhiki imetoka katika wembamba, mahali panapobana. Faraja imetoka katika kufunguka, upenyo. Anayesema baada ya dhiki faraja anachora njia nyembamba inayotokea uwanjani, hata kama yeye anafikiria ada ya shule tu. Neno letu msongo, katika msongo wa mawazo, ni picha hiyohiyo kwa mkono wa Kibantu, kutoka kitenzi songa, bana, kandamiza.

Kisha kuna hamu, na hili tunaomba wauguzi walitegee sikio. Katika Kiarabu hamm ni wasiwasi, jambo linalokaa moyoni na kukusumbua, na mzizi wake una pia maana ya kukusudia, kutaka kufanya. Katika dua mashuhuri ya Waislamu mtu huomba kukingwa na hamm na hazan pamoja, na wafafanuzi wengi husema ya kwanza ni ya jambo linalokuja, ya pili ni ya lililopita. Kwetu upande wa wasiwasi ulififia, ukabaki ule wa kutaka: hamu ya kula, hamu ya kumwona mama. Muhimu ni wa ukoo huohuo, na hima vilevile. Mtu anaposema "sina hamu ya kitu chochote", anasema kimezimika kile kinachomsukuma kufanya. Tutarudi hapo.

Upande wa Kibantu, ukoo tunaoupenda kuliko wote ni wa -kiwa. Mkiwa ni mtu aliyebaki peke yake, hana mtu wake wa kumtazama. Ukiwa ni hali yake, na pia ni mahali palipohamwa, nyumba iliyobaki kuta, kijiji kisicho na moshi jikoni. Makiwa ni kufiwa, tena ni salamu ya pole: mtu wa pwani aliingia nyumba ya msiba akasema "Makiwa", basi, akaketi. Angalieni shina moja linavyovaa m-, u- na ma- bila kubanwa na lolote. Hiyo ndiyo alama ya neno la nyumbani. Na angalieni ukiwa unachosema. Huzuni inaeleza ugumu wa njia; ukiwa unaeleza nafasi iliyoachwa wazi. Mjane aliyezungukwa na watu siku tatu za mwanzo ana huzuni. Ukiwa unamjia siku mikeka inapokunjwa na watu wakaondoka. Anayetaka kumsaidia ajue kwamba siku ile ndiyo ya kwenda, si kabla yake.

Hayo mengine tuyapitie kwa haraka. Majonzi hukaa katika umbo la wingi, majonzi haya, majonzi makubwa, na hupenda kuandamana na machozi. Simanzi hutanda: imetanda mtaani, imetawala kijijini, imegubika shule. Ni ya watu wengi kwa pamoja, na anayeitumia kwa kukosa basi la Masasi anaipunguzia uzito. Jitimai ni huzuni nzito inayomlaza mtu chini, neno la wazee na washairi, linastahili kurudishwa madarasani. Kihoro ni maumivu ya kupotewa na unachokipenda, ghafla, na lugha inakubali kwamba yanaweza kuua: amekufa kihoro.

Sasa sonona. Kabla ya kuingia hospitalini, kitenzi hiki kilikuwa cha mwili. Jino linasonona. Jipu linasonona. Ni maumivu ya ndani, ya kupwita, yasiyokata kama kisu wala kuunguza kama moto, yanayokuja na kurudi usiku mtu anapotaka kulala. Kutoka mwilini kikapanda moyoni: moyo unanisonona, maneno yako yamenisononesha. Wataalamu wa afya ya akili walipohitaji jina la ugonjwa ambao lugha za Ulaya huuita kwa neno lililotoka katika Kilatini, deprimere, kukandamiza chini, Tanzania wakalichukua hili, wakalifanya nomino: ugonjwa wa sonona.

Wagiriki tangu zama za tabibu wao Hippocrates walikuwa na jina jingine, melankholia, nyongo nyeusi. Waliamini mwili unaendeshwa na majimaji manne, na nyeusi ikizidi mtu huzama katika huzuni isiyo na sababu. Elimu hiyo ilipita kwa matabibu wa Kiarabu ikafika kwetu, na mabaki yake tunayatamka kila siku bila kujua: damu, balghamu, na safura, ambayo kwa Kiarabu ni ya manjano, jina la nyongo ya pili, na kwetu imekuwa ugonjwa wa minyoo unaompausha mtu kwa kukosa damu. Ile ya nne, sauda, nyongo nyeusi, haikushika mizizi katika usemi wetu wa kila siku.

Tunaona waliochagua sonona walichagua vizuri, na sababu ni hiyo ya jino na jipu. Huzuni haina mwili. Sonona ina mwili, na ugonjwa wenyewe uko hivyo. Dalili zinazohesabiwa ni tisa: moyo mzito au huzuni, kukosa hamu na raha, usingizi kuharibika kwa kupungua au kuzidi, uchovu, chakula kupungua au kuzidi, kujiona hufai au kujilaumu kupita kiasi, kushindwa kutuliza akili, mwili kuwa mzito au kutotulia hadi wengine wanaona, na mawazo ya kufa. Kwa utaratibu unaotumika sana, zitimie angalau tano, karibu kila siku, kwa wiki 2, na mojawapo iwe kati ya zile mbili za mwanzo. Mnaona hamu ilipokaa: mtu anaweza kuwa na sonona bila kusema ana huzuni, hamu tu imemwisha.

Katika dodoso la maswali tisa lililotungwa mwaka 2001 na linalotumiwa sasa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 10 na zaidi zinataka mtu apelekwe kwa mtaalamu apimwe vizuri. Dodoso peke yake halitoi hukumu. Na swali la tisa, la mawazo ya kufa, halingoji jumla. Likijibiwa ndiyo hata kwa alama 1, unakaa na mtu huyo, unauliza zaidi, na rufaa inafanyika siku ileile.

Kinachoharibika ni maneno. Mhudumu anamuuliza bibi wa Tandahimba, "Una sonona?" Bibi anajibu hana, kwa sababu kwake kinachosonona ni jino, na meno yake hayamuumi. Au anauliza, "Una huzuni?" naye anajibu, "Huzuni ya nini mwanangu? Sijafiwa." Huzuni kwake inataka sababu. Fomu inaandikwa hapana mara tisa. Bibi huyohuyo, ukimwacha aseme, atakwambia ana mawazo mengi, mwili mzito, moyo unamuuma, usingizi unakatika saa tisa usiku haurudi, chakula hakina ladha. Hizo tayari ni dalili tatu au nne. Na "moyo unaniuma" ina hatari pande zote mbili: usiipeleke moja kwa moja kwenye mapigo ya moyo, wala usiipuuze ukasema ni maneno tu. Uliza anyooshe mkono pale panapouma, na kama anapata shida kupumua.

Kwa hiyo neno sonona usianze nalo. Anza na muda: hali hii tangu lini? Kisha asubuhi: ukiamka mwili unakuwaje? Kisha hamu: kile ulichokuwa unakipenda, ngoma, kusuka ukili, kwenda shamba, bado kina raha? Kisha usingizi na chakula. Kifo kiulizwe kwa maneno ya wazi na sauti ya kawaida: kuna wakati unaona afadhali usingekuwapo? umewahi kufikiria kujidhuru? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake, na nyumbani dawa za kupulizia mikorosho zitolewe mikononi mwake, zifungiwe kwa jirani. Sumu iliyo karibu ndiyo inayogeuza wazo la saa moja kuwa mauti.

Aliyefiwa wiki iliyopita asiitwe mgonjwa. Analia, halali, hali. Hiyo ni huzuni, ina haki yake. Sonona na kufiwa vinaweza kukutana, na hapo hutazamwa mambo kama kujiona hafai kabisa au kutaka kufa. Ipo pia hali ya maombolezo yasiyolegea, ambayo katika uainishaji mpya wa Shirika la Afya Duniani haitajwi kabla ya miezi 6 kupita, na mila za watu wenyewe huzingatiwa katika kupima muda huo. Kosa la upande wa pili ni kubwa zaidi: mwenye sonona ya kweli anaambiwa avumilie, kila mtu ana huzuni zake. Kuvumilia hakuponyi jipu. Sonona ina tiba, ya mazungumzo na mtaalamu na ya dawa kama fluoxetine, ambayo huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona nafuu. Asipoambiwa hivyo mapema, ataiacha siku ya tano akiamini haikufanya kazi.

Mkifanya kazi kwa mkalimani wa Kimakonde, Kimwera au Kiyao, msimwombe atafute neno moja la sonona. Atawapa neno la msiba, au la wazimu, na yote mawili yatawapoteza. Mpeni maswali yale ya mwili, moja moja, mkamwombe arudishe jibu kama lilivyosemwa, bila kulisafisha. Kwenye kadi ya mgonjwa andikeni kwanza maneno yake ndani ya alama za kunukuu: "mwili mzito", "sina hamu", "nimebaki mkiwa". Chini yake ndipo ziandikwe alama za maswali tisa, moja baada ya nyingine na jumla yake, na tarehe. Neno sonona liachiwe nafasi chini kabisa, lijazwe na atakayempima.